Kabla mzee hajanywa dawa ya Kichina

Mzee aliyepoteza kumbukumbu baada ya kiharusi, au kwa sababu mishipa midogo ya ubongo imeziba kidogo kidogo, kwa kawaida ana dawa zake tayari: za presha, za sukari, aspirini, pengine warfarini ya kuzuia damu isigande. Ukishauriwa kumpa mitishamba ya Kichina, anzia hapo. Weka kila kikopo na kila pakiti kwenye mfuko mmoja, pamoja na hiyo dawa mpya, umpelekee mfamasia. Pakiti isiyoandikwa kilichomo irudishe dukani.

Kama anatumia warfarini, ogopa danshen, mzizi mwekundu unaosifiwa kwa kuendesha damu. Unaiongezea warfarini nguvu, na mgonjwa anaweza kuvuja damu. Mzizi wa danggui nao ni hivyo hivyo. Jinsengi huweza kufanya kinyume, damu ikaganda. Lakini ninaouogopa zaidi ni gancao, kwa kuwa hakuna anayeushuku: ni mzizi mtamu, na hutiwa kwenye michanganyiko mingi ili kulainisha ladha. Ukinywewa sana hubakiza chumvi na maji mwilini, hupunguza potasiamu na kupandisha presha. Kumpa mtu aliyeharibiwa ubongo na presha ni kuzima moto kwa mafuta ya taa. Mahuang, mmea mwingine unaopandisha presha, usiuguse kabisa.

Je, mitishamba hii inasaidia kumbukumbu? Ginkgo ndiyo iliyopimwa zaidi. Dondoo ya majani yake, miligramu 240 kwa siku, imeonyesha nafuu ndogo kwa baadhi ya wagonjwa. Ila utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2008, wenye wazee 3,069, haukuona ikiuzuia ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Kuhusu huperzini A, dawa itokanayo na mmea wa Kichina, mapitio ya mwaka 2009 yalipata jaribio moja tu kwa waliopoteza kumbukumbu kwa sababu ya mishipa ya ubongo, la watu 14. Mimi nisingeuza hata kuku kwa ushahidi huo. Tena huperzini A ikichanganywa na donepezili, dawa ya hospitali ya kumbukumbu ambayo hufanya kazi ileile, mapigo ya moyo huweza kushuka mno.

Daktari akikubali, anzisha dawa moja tu kwa wakati. Pima presha asubuhi na jioni, uandike kwenye daftari. Anayetumia warfarini apimwe kuganda kwa damu mapema. Dawa za presha zisiachwe hata siku moja. Choo cheusi, fizi zinazovuja damu au kichwa kinachouma ghafla ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo. Na kabla ya kung'olewa jino au kupasuliwa, mitishamba nayo itajwe. Wengi hutaja vidonge tu.