«Fungua maji!» Lakini kwa nini?



Kuna amri inayosikika kila siku mahali pa kutoboa mwamba: «Fungua maji!» Kapita anaisema, kijana anaitika, maji yanafunguliwa. Kapita akisogea mbele kidogo, kijana anayafunga tena. Yanamlowesha, baridi inamshika, na faida yake haioni. Je, kijana huyu ni mkaidi? Mimi nasema hapana. Ameambiwa la kufanya, hakuambiwa sababu.

Sababu ni hii. Miamba mingi ina silika ndani yake. Mwamba ukitobolewa mkavu hutoa vumbi laini sana ambalo jicho haliwezi kuliona. Vumbi hilo huingia ndani kabisa ya mapafu, nayo mapafu hufanya makovu na kuwa magumu. Ugonjwa huu unaitwa silikosi. Hauna dawa ya kuuponya, na mwenye nao hushikwa kwa urahisi na kifua kikuu. Mara nyingi hukaa miaka mingi kabla ya kujionyesha, ndiyo maana kijana mwenye nguvu hadhani kwamba anajiumiza leo. Maji huangusha sehemu kubwa ya vumbi hilo kabla halijavutwa puani. Kumweleza haya yote ni kazi ya dakika tano.

Hapa Mpala wazee wa ziwa wanalijua jambo hili. Mzee akimzuia kijana kutoka na mtumbwi, humwonyesha wingu na upande upepo unakotoka. Siku nyingine kijana ataliona wingu mwenyewe, hata mzee asipokuwapo.

Kampuni nazo zinajua tangu zamani kwamba watumishi wanahitaji habari. Gazeti la Mwana Shaba lilianzishwa mwaka 1957 kwa ajili ya watumishi wa Union Minière. Lakini gazeti, kama tangazo la ukutani, hushuka toka juu. Neno la kupanda je? Huko Aberfan, katika Wales, lundo la takataka za mgodi wa makaa liliporomoka tarehe 21 Oktoba 1966, likaua watu 144, na 116 kati yao walikuwa watoto. Barua za kuonya juu ya lundo hilo lililokuwa juu ya shule zilikuwa zimeandikwa tangu 1963. Zilifika kwa wakubwa, hazikufuatwa. Wachunguzi waliandika wazi kwamba kukosa kupashana habari kulikuwa mojawapo ya sababu.

Basi kapita, ukiisha kueleza kazi, mwombe mtumishi akurudishie kwa maneno yake mwenyewe. Na akikuletea habari ya hatari, usimkaripie hata kama ameona vibaya. Siku ya pili atanyamaza.

Nawe mama, kikohozi cha usiku unakisikia wewe, si sisi wa dispanseri. Mume akikohoa majuma mawili au zaidi, akikonda, akitoka jasho usiku, njoo naye. Akikataa, njoo peke yako utuambie.