Mtoto Aliyeumia Wakati wa Kuzaliwa: Haki ya Mzazi Kupata Maelezo

Mama wa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akipata uchungu pingamizi huenda akahitaji kupelekwa hospitali ya mbali, na wakati wa masika safari hiyo si nyepesi. Mtoto akikosa hewa kwa muda mrefu, ubongo waweza kudhurika, naye baadaye akabainika kuwa na mtindio wa ubongo. Mabega yakinasa na kichwa kikavutwa kwa nguvu, mishipa ya fahamu ya shingoni huumia na mkono ukalegea. Mkono wa namna hiyo mara nyingi hupata nguvu katika miezi ya mwanzo.

Si kila ulemavu ni kosa la mkunga. Mtindio wa ubongo huweza pia kutokana na maambukizi tumboni, kuzaliwa njiti, manjano makali au homa ya uti wa mgongo. Uzembe haupimwi kwa ukubwa wa madhara. Huulizwa kama mtaalamu mwenye ujuzi wa kawaida, katika mazingira yale, angetenda vivyo hivyo. Kisha kama kasoro hiyo ndiyo iliyoleta madhara. Gari la wagonjwa lisipokuwapo, tusimlaumu muuguzi wa zamu. Swali hilo ni la wasimamizi wa huduma.

Jibu kwa sehemu kubwa limo katika patografu, chati ya uchungu. Humo mkunga huandika mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa na kufunguka kwa njia kila saa nne. Chati tupu nayo ni ushahidi. Mzazi aombe kwa maandishi nakala yake, pamoja na barua ya rufaa na alama za Apga za dakika ya kwanza na ya tano. Kadi ya kliniki aitunze. Aandike mwenyewe saa alizozikumbuka, kabla hazijasahaulika.

Malalamiko huanzia kwa Mganga Mfawidhi wa kituo, kisha Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa. Mwenendo wa daktari huchunguzwa na Baraza la Madaktari Tanganyika; wa muuguzi au mkunga, na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Mabaraza haya hushughulikia nidhamu na leseni. Fidia hutafutwa mahakamani. Muda wa kufungua madai ya uzembe ni miaka 3, lakini kwa haki ya mtoto mwenyewe huhesabiwa tangu atimizapo miaka 18. Kusubiri hivyo ni hatari, kwa kuwa majalada hupotea na mashahidi huhama. Kituo kikiwa cha Serikali, notisi ya siku 90 hutangulia, na nakala hupelekwa kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili aombe msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Mazoezi ya viungo yasingoje hukumu. Mtoto asiyeweza kukaza shingo afikapo miezi minne apelekwe hospitali mara moja, hata kama shauri bado halijafunguliwa.