Baiskeli Mlimani

Njia itokayo Morogoro kwenda Iringa hupanda mlima Kitonga kwa kupinda-pinda kama nyoka. Mapindi hayo huirefusha njia, lakini huupunguza ukali wa mlima. Hata hivyo mwenye baiskeli yenye mzigo hushuka, akaisukuma. Je, ni aibu? Sivyo. Mwaka 1910 mashindano makuu ya baiskeli ya Ufaransa yalipita mara ya kwanza mlima Tourmalet, ambapo njia hufika mita 2,115 juu ya bahari. Octave Lapize alishuka, akaisukuma baiskeli yake. Na mwisho ndiye aliyeyashinda mashindano yote. Hatari i katika kuteremka. Kwa hiyo mwenye akili, awe Iringa au Mbeya, hujaribu breki kileleni kwanza. Kupanda huchosha, bali kuteremka huua.