Kumfuatilia Nyumbani Mgonjwa Ambaye Saratani ya Titi Imefika Kwenye Ini

Mwongozo huu ni wa mwuguzaji, yaani anayemhudumia mgonjwa nyumbani. Fuata hatua kwa mpangilio wake.

1. Andaa mizani ya kusimama, tepu ya fundi cherehani, kipimajoto, daftari na kalamu ya wino. Weka mizani kwenye sakafu ngumu, kamwe si juu ya zulia.

2. Chukua kipimo cha msingi, yaani vipimo vya siku ya kwanza. Asubuhi, mgonjwa akishakojoa na kabla hajala, andika uzito wake. Mlaze chali, zungusha tepu ipite juu ya kitovu, usome akimaliza kutoa pumzi. Piga picha ya macho yake karibu na dirisha. Usiruke picha: weupe wa jicho la mtu mzima huweza kuwa na ukahawia wa miaka mingi, na bila picha hutajua kama umanjano ni mpya.

3. Pima uzito kila asubuhi, tumbo mara 2 kwa wiki. Uzito ukipanda zaidi ya kilo 1 kwa siku, au kilo 2 kwa wiki, huku mashavu na mikono vikikonda, hajanenepa: huenda maji yanajaa tumboni. Piga simu kliniki siku hiyohiyo.

4. Kagua macho kwa mwanga wa mchana. Balbu huficha umanjano. Uliza kuhusu mkojo na choo. Macho ya manjano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, choo kilichopauka na mwili kuwasha huashiria kwamba njia ya nyongo huenda imeziba. Toa taarifa siku hiyohiyo, kwa kuwa baadhi ya vizuizi hufunguliwa kwa kuwekewa mrija.

5. Jaribu akili na mikono. Muulize leo ni siku gani na yuko wapi. Kisha anyooshe mikono mbele, akunje viganja kuelekea juu, atawanye vidole, ahesabu hadi 15. Viganja vikidondoka na kuinuka, au akianza kulala mchana na kukesha usiku, sumu ambazo ini limeshindwa kuziondoa huenda zimefika kwenye ubongo. Kufunga choo huzidisha hali hii, kwa hiyo andika kila siku anayokosa choo.

6. Hakiki dawa zote. Muulize daktari kikomo cha parasetamo. Ini likiwa dhaifu, mara nyingi ni gramu 2 kwa saa 24, yaani vidonge 4 vya miligramu 500, pamoja na ile iliyomo kwenye dawa za mafua. Usimpe diklofenaki, ibuprofeni wala mitishamba bila idhini, hata ikiletwa na ndugu anayempenda kwa dhati. Usisimamishe dawa za saratani kwa uamuzi wako.

7. Mpeleke hospitali mara moja, hata usiku wa manane, ukiona mojawapo: joto la nyuzi 38 au zaidi, kuchanganyikiwa, kutapika damu, choo cheusi, au kukosa mkojo. Beba daftari na dawa zote. Akishapimwa damu na ultrasaundi, muulize daktari: chanzo ni uvimbe, dawa, au njia ya nyongo iliyoziba? Andika jibu, kwa sababu kila chanzo kina tiba yake.