Simu, kanga na swichi ya taa

Mara ya kwanza kutishwa na sinema, sikuona kitu. Nilikuwa na miaka tisa, nimebanwa nyuma kabisa ya kibanda umiza, na mbele yangu palikuwa na mgongo wa jamaa mmoja mnene mwenye shati la kijani. Nilichoambulia ni sauti tu: mlango unalia, mtu anapumua, halafu kimya kirefu mpaka jenereta ya nje ikasikika ikikohoa. Yule jamaa akapiga ukelele. Mimi nikapiga wa kumshinda, na hadi leo sijui aliona nini.

Vijana wanaoniomba ushauri wa kutengeneza video fupi za kutisha, au za mazimwi na uchawi, huanza na swali la kinyago: kinapatikana wapi, kiwe na meno mangapi. Kinyago ni cha mwisho. Anza na masikio, utamtisha mtu kwa simu iliyo mfukoni mwako na Luku ya elfu mbili.

Kabla ya kurekodi, tazama. Tafuta "Lights Out", aliyoitoa Msweden David F. Sandberg mwaka 2013. Haifiki dakika tatu. Aliipiga nyumbani kwake na mwigizaji ni mkewe, Lotta Losten. Mwanamke anazima taa ya korido, anaona umbo la mtu limesimama mwisho wa korido. Anawasha, hamna kitu. Anazima, lipo. Anaishia kuigandisha swichi kwa selotepu ili taa isizimike, na hapo ndipo unapojua kwamba ataumbuka. Video hiyo ndiyo iliyomfikisha Sandberg Hollywood. Mwaka 2016 akaongoza filamu ndefu yenye jina hilohilo.

Itazame mara tatu. Mara ya kwanza iwe usiku, na visikizi masikioni, uogope kama watu wengine. Ya pili, zima sauti. Utaona jinsi inavyopungua makali, karibu unaweza kunywa nayo chai. Ya tatu, fumba macho, na uandike kila unachosikia na muda kilipotokea: swichi, ubao wa sakafu, kimya. Karatasi hiyo itakufundisha mengi kuliko mafunzo ya saa nzima ya mtu anayekuuzia kamera.

Sasa hadithi. Mashabiki hupenda kuazima, na kuazima ni tabia ya zamani. "Nosferatu" ya mwaka 1922 ni Dracula iliyobadilishwa majina bila ruhusa. Mjane wa Bram Stoker, mwandishi wa Dracula, akashtaki, na mwaka 1925 mahakama ya Ujerumani ikaamuru nakala ziharibiwe. Zimebaki kwa sababu baadhi zilikuwa zimeshatawanyika. Karibu karne moja baadaye, mwishoni mwa 2015, wenye Star Trek waliwashtaki mashabiki waliokuwa wakitengeneza filamu yao iitwayo "Axanar", kisha mwaka 2016 wakatoa masharti: hadithi isizidi dakika 15, au vipande viwili visivyozidi nusu saa kwa jumla, michango isipite dola 50,000, na washiriki wasilipwe. Kwa hiyo, ukitaka kumtumia mhusika wa mtu, soma kwanza masharti ya mwenyewe, na usiuze.

Au chukua kisicho na mwenyewe. Zombi wa "Night of the Living Dead" ya 1968 hawana mwenyewe, kwa sababu filamu ilipobadilishwa jina dakika za mwisho, tangazo la hakimiliki lilisahauliwa. Lakini kwa nini uende mbali? Fumo Liyongo, jitu la pwani lisilouawa kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, na muuaji ni mwanawe wa kumzaa! Muhammad Kijumwa aliuandika utenzi wake mwaka 1913, na kisa chenyewe ni kikongwe kuliko utenzi. Nipe dakika mbili tu: baba amelala, mtoto amesimama mlangoni, mkono wake nyuma. Hatuhitaji kuiona sindano.

Jambo moja siliungi mkono hata kwa utani: mchawi ambaye ni bibi kizee mwenye macho mekundu. Huko Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho hayo, na mengi yamewiva kwa moshi wa jikoni tu. Sinema yako itasahaulika baada ya wiki, lakini picha ya yule bibi itabaki kichwani mwa mtazamaji aliyekwisha kuwa na mashaka na jirani yake. Tafuta kitisho kingine. Baba mpole mwenye tai, anayetabasamu sekunde mbili zaidi ya inavyostahili, anatisha kuliko huyo bibi.

Tuje kwenye kurekodi. Kosa la kila anayeanza ni kupiga gizani kwelikweli. Simu ikikosa mwanga hulazimisha picha, na picha hujaa chenga. Giza la sinema hutengenezwa kwa taa. Weka taa moja tu, nyuma ya anayetisha, ndani ya chumba cha pili. Tundika kanga mlangoni ili mwanga upooze. Zima nyingine zote. Uso utapotea, umbo litabaki, na mtazamaji atajichorea uso mwenyewe. Atauchora vibaya kuliko kinyago chochote cha Kariakoo.

Kata mtandao wa simu, maana hakuna jini anayestahimili kupigiwa na shangazi katikati ya onyesho lake. Bonyeza kioo na ushikilie mpaka fokasi na mwanga vifungwe, visijibadilishe vyenyewe. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo ukiona mistari inacheza kwenye taa za LED, rekodi picha 25 kwa sekunde, na shata iwe 1/50. Kama programu ya simu yako haikupi nafasi ya kuchagua, zipo za bure zinazokupa.

Ujanja wa kitu kutokea na kupotea ulikuwepo tayari mwaka 1896, wakati Mfaransa Georges Méliès alipotengeneza "Le Manoir du diable" kwa kusimamisha kamera, kubadilisha kilicho mbele yake, na kuendelea. Nawe fanya hivyo. Ibane simu juu ya stuli kwa matofali mawili au mfuko wa mchele, isisogee hata unywele. Rekodi korido yenye taa, tupu. Zima taa kuu, mwite mwenzako asimame, rekodi tena. Kwenye kuhariri, unganisha vipande hivyo viwili palepale swichi inapolia. Mlio wa swichi ndio unaoficha mshono.

Na sauti je? Hapa usiwe bahili wa muda. Simu ya pili, ya kuazima, iwe mfukoni mwa shati la mwigizaji ikirekodi. Piga kofi moja mwanzoni ili baadaye uoanishe sauti na picha. Kabla ya kuondoka, wanyamazishe wote na urekodi ukimya wa chumba kwa dakika nzima, friji yake, feni yake, mbwa wa mbali. Utautandika chini ya video yote kama mkeka, la sivyo kila unapokata, sikio litashtuka mahali pasipotakiwa. Mfupa unaovunjika ni karoti mbichi karibu na kipaza sauti. Mwili unaoburutwa ni taulo lililolowa. Halafu sauti itangulie picha: tusikie kandambili zikija, tuhesabu mpaka tano, ndipo mlango ufunguke. Au usifunguke.

Kane Parsons alikuwa na miaka 16 alipotoa video yake ya "The Backrooms" Januari 2022, aliyoitengeneza kwa Blender, programu ya bure. Vyumba vya njano, vitupu, na taa zinazovuma bila kukoma. Mvumo huo ndio uliowafukuza watu vitandani.

Damu, ukiihitaji: chemsha sukari iwe nzito, tia rangi nyekundu ya chakula na kakao kidogo ipoteze wekundu wa soda. Haitoki kwenye shuka la mama. Nimeshajaribu.

Waambie majirani. Tulipiga usiku mmoja bila kumtaarifu mtu, rafiki yangu akiwa na shuka jeupe kando ya ukuta, na kabla hatujarudia mara ya pili tukasikia "Mwizi!" kutoka dirisha la juu. Alikimbia na shuka lake, jambo ambalo halikusaidia. Siku hizi naanza kwa mjumbe.

Hifadhi vipande vyote sehemu mbili. Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, alifuta kwenye kompyuta nakala halisi ya "Who Killed Captain Alex?" ya 2010 ili apate nafasi ya filamu iliyofuata, leo dunia inaijua kwa ile nakala yenye masimulizi ya VJ Emmie juu yake. Kwake ilikuwa bahati, kwani masimulizi yale ndiyo utamu wenyewe. Wewe usitegemee kuokolewa na VJ.

Video ikikamilika, usiirushe mtandaoni bado. Mtafute mtu mmoja asiyejua lolote, mketishe gizani, umpe visikizi. Wewe usitazame kioo, mtazame yeye. Akitabasamu, andika sekunde. Akishika simu yake mwenyewe, andika sekunde. Kisha rudi nyumbani ukakate hapo.