SOMO: KUANDIKA KWA UAMINIFU – TUJIEPUSHE NA WIZI WA MAANDISHI



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba wake.

Wanafunzi wapendwa, tulipokuwa tunakusanya insha za jarida hili, wanafunzi wawili walileta insha kuhusu sikukuu ya Idi hapa Nyalikungu. Insha zote mbili zilisema kwamba baada ya swala watoto walikwenda ufukweni kuogelea baharini. Nilicheka, kisha nikasikitika. Hapa kwetu Maswa hakuna bahari. Maji mengi tunayoyajua ni ya Bwawa la New Sola. Nilipowaita mmoja mmoja, kila mmoja alikiri kwamba aliitoa kwenye intaneti kwa simu ya nyumbani, akabadilisha jina la mahali tu. Si watoto wabaya. Hawakujua kwamba wamefanya kosa. Kwa sababu hiyo nimeona somo letu la mwaka huu liwe hili.

1. Maana ya wizi wa maandishi

Wizi wa maandishi ni kuchukua maneno, mawazo au kazi ya mtu mwingine na kuionyesha kuwa ni yako, bila kumtaja mwenyewe. Hutokea kwa njia nyingi, zikiwemo hizi:

(a) Kunakili neno kwa neno kutoka kitabuni, kwenye gazeti au kwenye intaneti.
(b) Kubadilisha maneno machache, huku wazo na mpangilio vikibaki vilevile.
(c) Kuandikiwa na kaka, mwalimu wa tuisheni au mtu wa steshenari, kisha wewe ukaweka jina lako.
(d) Kuiagiza programu ya akili mnemba, kama ChatGPT iliyotoka Novemba 2022, ikuandikie kazi uliyotakiwa kuifanya mwenyewe.
(e) Kuangalizia daftari la mwenzako.

Izingatiwe kuwa kujifunza kwa wengine si wizi. Elimu yote tumeipokea kwa waliotutangulia. Kosa ni kuficha ulikoitoa.

2. Uislamu unasemaje?

Wapo wanaosema kwamba maneno hayana mwenyewe, kwa hiyo hayaibiwi. Hebu tutazame jambo tunalolijua. Mkoa wetu wa Simiyu ni mkoa wa pamba. Mtu akiimwagia pamba maji au akichanganya mchanga ili mzigo uwe mzito kwenye mizani, sote tunasema amedhulumu. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni, akaingiza mkono ndani ya rundo la nafaka, vidole vyake vikakuta unyevu. Muuzaji akasema ni mvua. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu ili watu waione, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi hayumo pamoja nasi (Muslim). Insha ya kunakili ni mzigo uliotiwa maji. Mwalimu anapima uzito ambao si wako.

Tena katika hadithi iliyopokewa na Bibi Asma bint Abubakar (r.a.), anayejionyesha kuwa na kitu ambacho hakupewa amefananishwa na mtu aliyevaa nguo mbili za uongo (Bukhari na Muslim). Na katika Surat Aal-Imran, aya ya 188, Allah (s.w.) anawaonya wanaopenda kusifiwa kwa mambo ambayo hawakuyatenda.

Wanazuoni wetu walilichukulia jambo hili kwa uzito mkubwa. Hadithi haikupokewa bila isnadi, yaani mnyororo wa waliopokezana. Inasimuliwa kwamba Imam Bukhari alipofika Baghdad alijaribiwa kwa hadithi 100 ambazo isnadi zake zilichanganywa kwa makusudi, naye akairejesha kila moja mahali pake. Imam Qurtubi, katika utangulizi wa tafsiri yake ya Qur'an, ameeleza kuwa kuyanasibisha maneno kwa aliyeyasema ni katika baraka za elimu. Imam Suyuti, aliyefariki Cairo mwaka 1505, aliandika kitabu kizima cha kumtofautisha mtunzi na mwizi wa maandishi. Basi anayeficha chanzo chake amekata isnadi kwa mkono wake.

3. Kosa tunalolifanya bila kujua

Wengi wetu tunapoandika insha za dini tunaweka aya kwa Kiswahili na kutaja sura na aya tu. Qur'an ni maneno ya Allah (s.w.), lakini yale maneno ya Kiswahili yameandikwa na mja aliyekesha akiyatafuta. Sheikh Abdullah Saleh Farsy wa Zanzibar alitoa Qurani Takatifu mwaka 1969. Sheikh Ali Muhsin Al-Barwani naye ana tafsiri yake. Aya ni moja, lakini Kiswahili chao hakifanani. Ukitumia maneno ya mmoja wao, mtaje.

4. Mwalimu anajuaje?

(a) Habari hazilingani na mahali, kama ile bahari ya Nyalikungu.
(b) Lugha inabadilika ghafla katikati ya kazi.
(c) Kazi mbili zina kosa lilelile, mahali palepale.
(d) Mwandishi anashindwa kueleza neno aliloliandika mwenyewe.

Hili la mwisho lilinipata mimi. Nilipokuwa nasoma diploma, nilinakili kurasa kadhaa katika kazi ya fiqhi. Ustadhi wangu hakunigombeza. Aliweka kidole kwenye neno moja, akaniuliza maana yake mbele yake. Sikulijua. Alinirudishia karatasi bila alama. Hata leo nikishika kalamu nakikumbuka kidole kile.

Vyuo vikuu hutumia programu kama Turnitin, zinazolinganisha kazi na maandishi yaliyohifadhiwa na kuonyesha yanayofanana. Na madhara hayaishii shuleni. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Bayreuth kilimvua shahada ya udaktari waziri wa ulinzi wa Ujerumani, Karl-Theodor zu Guttenberg, kwa sababu ya kunakili katika tasnifu yake, naye akajiuzulu uwaziri.

5. Namna ya kujikinga

(a) Anza mapema. Wengi huiba usiku wa kuamkia siku ya kukusanya.
(b) Unaposoma, andika pembeni jina la mwandishi, kitabu na ukurasa.
(c) Funga kitabu, kisha eleza ulichoelewa kwa maneno yako.
(d) Ukichukua maneno yenyewe, yaweke ndani ya alama za kunukuu na mtaje mwenyewe.
(e) Hata ukibadilisha maneno, wazo likiwa la mtu, mtaje.
(f) Usipojua, sema hujui. Hiyo pia ni elimu.

6. Neno kwa wazazi

Ndugu mzazi, usimwandikie mtoto kazi yake, wala usilipe mtu amwandikie. Kaa naye umuulize: "Hili umelitoa wapi?" Na sisi walimu tusiwaaibishe watoto mbele ya wenzao, bali tuwarudishie kazi waifanye upya.

Ndivyo tulivyofanya kwa wale wawili. Mmoja alimwendea bibi yake, akamuuliza Idi ilikuwaje alipokuwa msichana, na akaandika mwanzoni kabisa: "Haya nimeambiwa na bibi." Insha yake ina makosa ya tahajia na ni fupi kuliko ile ya kwanza. Hiyo ndiyo tuliyoichagua kwa jarida hili. Isnadi yake imekamilika.

Zoezi

1. Taja njia tatu za wizi wa maandishi ulizowahi kuziona darasani kwenu.
2. Kuna tofauti gani kati ya kujifunza kwa mtu na kumwibia?
3. Muulize mzee mmoja wa nyumbani kwenu habari za zamani, uandike nusu ukurasa, na umtaje aliyekusimulia.

Tunamuomba Allah (s.w.) atujaalie elimu yenye manufaa na kalamu zenye kusema kweli. Aamin.

Wabillaahi tawfiiq.