Mtoto Anasoma, Lakini Je, Anaelewa?

Awali ya yote nawaomba radhi walimu wenzangu, kwani makala hii naianza kwa kujisema mwenyewe kabla sijamsema mtu mwingine. Nimefundisha Sayansi na Maarifa ya Jamii katika shule za msingi kwa miaka mingi, darasa la nne hadi la saba, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo niliamini kwamba kazi ya kumfundisha mtoto kusoma si yangu. Ni ya mwalimu wa darasa la kwanza na la pili, kisha ya mwalimu wa Kiswahili. Mimi yangu ni mada. Nilikuwa nimekosea, na kosa langu liliwagharimu watoto wa watu.

Katika shule moja mkoani Tanga nilikuwa na kijana wa darasa la tano ambaye kwa kusoma kwa sauti hakuwa na mpinzani. Akisimama na kitabu, maneno yanatiririka, nukta anaiona, mkato anauona. Lakini ukimpa maswali ya kifungu kile kile alichokisoma, karatasi inarudi tupu, au amenakili sentensi ya kwanza aliyoiona. Mihula miwili mfululizo niliandika kwenye ripoti yake: "Ana uwezo, ila mvivu." Muhula wa tatu nikaliandika tena neno hilo, na safari hii baba yake akaja shuleni.

Alikuwa mvuvi, mtu mzima, mpole wa maneno. Tulipokwisha kuamkiana akaniambia, "Mwalimu, mimi sikusoma. Huyu mtoto ndiye ananisomea gazeti jioni. Anasoma vizuri sana. Lakini nikimuuliza, 'Sasa wamesema nini?' ananijibu, 'Baba, si nimeshasoma?' Nikadhani labda huku shuleni mnamfundisha kinachofuata."

Nilimjibu kwa heshima kwamba tutalishughulikia, lakini ndugu msomaji, maneno yale yaliniingia. Yule mzee asiyejua herufi alikuwa ameona tatizo ambalo mimi mwenye cheti sikuliona.

Siku iliyofuata nilimwita kijana nikampa sentensi mbili za somo la Sayansi: "Maji yakipata joto hugeuka mvuke, ilhali chumvi iliyoyeyuka ndani yake hubaki. Kwa sababu hiyo maji ya mvua hayana chumvi, ingawa mengi yake yametoka baharini." Akasoma bila kukwama. Nikamuuliza kwa nini maji ya mvua hayana chumvi. Kimya. Nikakifunga kitabu, nikamuuliza wanavyofanya watu kwenye mashamba ya chumvi. Hapo akafunguka! Akanieleza jinsi maji yanavyoingizwa, jua linavyoyanyonya, na chumvi inavyobaki chini nyeupe. Sayansi yote alikuwa nayo kichwani. Kilichomshinda ni kuitoa kwenye maandishi.

Nikamuuliza maana ya "ilhali". Akasema, "Ni kama halafu, mwalimu." Na "ingawa"? "Ni kama kwa sababu." Basi kwa kijana yule sentensi ile ilisema kwamba maji ya mvua hayana chumvi kwa sababu yametoka baharini. Nani angeielewa? Nikayajaribu maneno hayo kwa darasa zima, na zaidi ya nusu ya watoto walijibu kama yeye. Maneno haya hayamo katika orodha ya msamiati wa somo lolote. Mwalimu wa Sayansi anafundisha "mvuke", wa Maarifa ya Jamii anafundisha "ukoloni", na hakuna anayefundisha "ilhali", "isipokuwa", "licha ya" na "hivyo basi". Na hayo ndiyo misumari inayoshikilia mbao zote.

KUJIFUNZA KUSOMA NA KUSOMA ILI KUJIFUNZA

Wataalamu wamelijua jambo hili muda mrefu. Mmarekani Jeanne Chall, aliyekuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Harvard, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1983 kwamba kusoma kuna hatua. Miaka ya mwanzo mtoto anajifunza kusoma. Kuanzia kama darasa la nne anasoma ili ajifunze. Hadithi za sungura na fisi zinakwisha, vinakuja vifungu vya mfumo wa damu, ramani na sehemu. Watoto wengi waliokuwa wanakwenda vizuri hujikwaa papo hapo, hasa wale ambao nyumbani hakuna vitabu.

Kwetu hali si ngeni. Utafiti wa Uwezo wa mwaka 2010, uliowapima watoto majumbani, ulionyesha kwamba kati ya watoto kumi wa darasa la tatu, ni kama watatu tu walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Serikali nayo ilikuja na mtaala wa mwaka 2015 ulioelekeza nguvu za darasa la kwanza na la pili katika Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Hilo ni jema. Lakini tujiulize: mtoto akishavuka darasa la pili, nani anaendelea kumshika mkono? Je, KKK ikishapita ndiyo kusoma kumekwisha?

La hasha! Uingereza waliligundua hilo zamani. Kamati iliyoongozwa na Alan Bullock ilitoa ripoti mwaka 1975 ikasisitiza kwamba lugha na kusoma ni jukumu la kila mwalimu katika kila somo. Miaka michache baadaye, huko Marekani, mtafiti Dolores Durkin alikaa madarasani akiangalia walimu wanavyofundisha. Alikuta maswali ya kupima kama mtoto ameelewa yapo mengi, lakini kumfundisha mtoto namna ya kuelewa ni jambo adimu mno. Nilipoyasoma hayo nilijiona mimi mwenyewe. Nilikuwa napima kila siku kitu ambacho sijawahi kukifundisha.

Hapa nitatoa mfano ambao wasomaji wa gazeti hili wataufahamu upesi. Mtoto wa madrasa anaweza kusoma juzuu nzima kwa makharija safi bila kujua maana ya neno moja. Kule kisomo chenyewe ni ibada na kina thawabu zake, na maana anaitafuta kwa darasa lake maalumu. Hakuna mwalimu wa madrasa anayedhani kwamba anayesoma vizuri amekwisha kujua tafsiri. Shuleni sisi tunadhani. Tunasikia sauti nzuri, tunasema huyu anajua.

KILA SOMO LINA USOMAJI WAKE

Jambo jingine nililojifunza ni kwamba kusoma si kwa namna moja. Mtoto aliyefundishwa kusoma hadithi hajafundishwa kusoma hesabu.

Chukua Hisabati. Bei ya sukari "imepunguzwa kwa shilingi 200" na bei "imepunguzwa hadi shilingi 200" ni hesabu mbili tofauti kabisa, na kinachozitenganisha ni neno dogo. "Alitembea saa mbili" inaweza kuwa muda aliotumia au wakati alioondoka, na mtoto lazima atazame sentensi nzima ndipo aamue. Katika hadithi ukiruka neno huenda usipotee. Katika hesabu umepotea.

Chukua Sayansi. Hapo mtoto anatakiwa kusoma maandishi na mchoro kwa pamoja, macho yakienda na kurudi. Watoto wangu walikuwa wanauruka mchoro kama pambo la kitabu.

Chukua Historia. Hapa swali la kwanza ni: nani anasema? Mapambano ya mwaka 1905 hadi 1907 kusini mwa nchi yetu sisi tunayaita Vita vya Majimaji. Wajerumani waliyaita uasi. Tukio ni lile lile, lakini neno linakuonyesha msemaji amesimama upande gani. Mtoto asiyefundishwa kuliona hilo ataamini kila kilichochapishwa, na akikua atakuwa hivyo hivyo mbele ya magazeti na simu.

NILICHOKIFANYA DARASANI

Sikuwa na fedha wala mradi wowote. Vitabu vilikuwa vichache, kimoja kikigombewa na watoto kadhaa. Nilifanya mambo manne, nayaandika kwa faida ya mwalimu mwenzangu atakayependa kuyajaribu.

Kwanza, kabla ya kusoma kifungu chochote nilichagua maneno matano, mawili ya somo na matatu ya kuunganisha kama "ilhali", nikayaeleza kwa mifano ya mtaani kwao. Dakika tano tu.

Pili, niliacha mtindo wa mtoto mmoja kusoma kifungu kizima huku wengine wanasinzia. Nilikiandika kifungu kifupi ubaoni, tunasoma aya moja, tunasimama. Nikafuata njia ya watafiti wawili, Annemarie Palincsar na Ann Brown, walioichapisha mwaka 1984 baada ya kuijaribu kwa wanafunzi wa umri huu huu. Watoto wanne wanagawana kazi: mmoja anatabiri kinachofuata, mmoja anauliza swali, mmoja anafafanua palipo pagumu, na mmoja anafupisha kwa maneno yake. Aya inayofuata wanabadilishana. Mwanzoni nilizifanya kazi zote nne mimi mwenyewe kwa sauti, ili wasikie mtu mzima anavyofikiri anaposoma, na hata anavyosema, "Hapa sijaelewa, ngoja nirudi nyuma." Watoto walishangaa kusikia kwamba mwalimu naye hurudi nyuma.

Tatu, kila kipindi kilikwisha kwa kila mtoto kuandika sentensi mbili za alichokipata, pasipo kunakili. Nilisoma za watoto kumi kwa siku. Zilinieleza mengi kuliko mtihani wa maswali ya kuchagua herufi, ambao mtoto anaweza kubahatisha akapata.

Nne, tulisoma chochote chenye maandishi: karatasi ya dawa, risiti ya duka, tangazo la kijiji, gazeti la wiki iliyopita.

Wapo wenzangu walioniambia, "Mada hazitaisha, mkaguzi akija utajibu nini?" Ni hoja ya haki. Ni kweli wiki za mwanzo nilichelewa. Lakini kufikia muhula wa pili watoto walikuwa wanajisomea wenyewe vifungu ambavyo zamani nilivitafuna mimi nikawamezesha, na muda niliopoteza nikaupata. Tena tuulizane: mada iliyofundishwa na haikueleweka, imeisha au imepita?

Na jambo hili sasa lina haraka zaidi. Kwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, shule ya msingi inakuwa ya miaka sita badala ya saba. Kisha katika shule nyingi mtoto huyo anaingia sekondari ambako masomo yanafundishwa kwa Kiingereza. Asiyejua kuchimba maana katika lugha anayoizungumza nyumbani, ataichimbaje katika lugha anayoisikia darasani tu? Mazoea ya kutabiri, kuuliza, kufafanua na kufupisha huhama naye kutoka lugha moja hadi nyingine, lakini sharti awe nayo kwanza.

Wazazi nao wana sehemu yao, hata wasiojua kusoma. Yule mzee mvuvi ndiye mfano. Mwambie mwanao akusomee, kisha muulize: "Wamesema nini? Wewe unaonaje?" Swali hilo halihitaji cheti. Kamati za shule, mnapokutana kuzungumzia madawati na vyoo, ulizeni pia watoto wanaelewa wanachosoma. Wakuu wa shule, wakutanisheni walimu wa masomo yote angalau mara moja kwa muhula, wakubaliane maneno ya kuunganisha watakayoyafundisha wote.

Kijana yule hakuwa wa kwanza darasani, na sitaki kudanganya kwamba alikuwa. Lakini alipofika darasa la saba alikuwa anajibu kwa maneno yake mwenyewe, na baba yake aliniambia kwamba siku hizi magazeti wanabishana. Kwenye ripoti yake ya mwisho niliandika, "Anasoma na anaelewa," na sikuandika tena neno lile kwa mtoto yeyote kabla ya kukaa naye na kifungu.

Linaloniuma ni wale waliomtangulia. Watoto wangapi niliwaandikia "mvivu", wakaenda nalo nyumbani, wakachapwa kwa ajili yake, wakaliamini? Siwezi kuwarudia. Ninachoweza ni kukuomba wewe mwalimu unayesoma haya: kesho, kabla hujaandika neno hilo, mwite mtoto pembeni, mpe sentensi mbili, umuulize zinasema nini. Kisha msikilize.